Neno Nililolipitisha kwenye Waya

Kambi yetu ya mawe ilikuwa upande wa Nzuguni, mwendo wa saa mbili kutoka stesheni ya Dodoma, na ilikuwa na njia tatu za kupeleka neno. Ya kwanza ilikuwa waya wa simu. Ya pili ilikuwa tarishi, aliyebeba barua kwenye kijiti kilichopasuliwa ncha. Ya tatu ilikuwa mdomo. Msimamizi wetu, Mdachi aliyepewa kandarasi ya kuvunja mawe ya njia ya reli, aliiamini ya kwanza peke yake. Mimi nilikuwa karani wake wa simu, nami niliona tangu wiki ya kwanza kwamba anakosea, ila karani hakuwa mtu wa kuulizwa.

Nayasema haya kwa sababu wako watu hata leo wanaodhani njia ya upesi ndiyo njia bora. Upesi wa kwenda wapi? Habari ya unga kwisha, sawa, ipite kwenye waya, njaa haina subira. Habari ya injini iliyoacha reli nayo ipite huko huko. Lakini msimamizi alitaka kila kitu kiende kwa simu au kwa karatasi, hata mambo ya watu waliokaa mbele ya macho yake. Siku moja aliwaandikia wafugaji wa jirani tangazo kwamba baruti italipuliwa, wasilete ng'ombe kwenye kijito, akaniagiza nilibandike kwenye mti. Nikalibandika. Kabla ya jua kupanda vizuri mbuzi walikuwa wamekwisha kulila, gundi yake ya unga na vyote.

Ikabidi niende mwenyewe. Nikawaamkia kwa "mbukwenyi" yao, nikakaa, nikanywa maziwa niliyopewa, nikaulizwa mvua ya kwetu, nami nikauliza ya kwao, ndipo nikasema la baruti. Mama mmoja aliyekuwa akikamua hakuinua hata kichwa. Aliniuliza kama ile karatasi ingemjibu iwapo angeiuliza ng'ombe wakanywe wapi badala ya hapo. Alikuwa na haki. Tulikubaliana wapite upande wa chini, na siku ya baruti hakuonekana hata ndama mmoja kijitoni. Msimamizi aliandika kwenye taarifa yake kwamba tangazo limefaulu.

Mimi ni mtu wa hapa hapa uwandani. Babu yangu alikuja na msafara akielekea Tabora, miguu ikamvimba njiani, wenzake wakamwacha, naye akaoa na kubaki. Chuoni nilisoma kwa herufi za Kiarabu, kisha Wadachi wakanifundisha herufi zao, na baada ya hapo wakanifundisha nukta na vistari vya simu. Sikuwa na aibu na kazi yangu. Niliipenda, kusema kweli, na nilijivuna kupita kiasi. Mtambo wangu ulikaa kwenye kibanda cha mabati, na kila neno lililoingia lilijichora lenyewe kwenye utepe mwembamba wa karatasi. Upande wa pili, stesheni ya Dodoma, alikuwapo karani mwenzangu niliyekuwa sijawahi kumwona uso. Tulijuana kwa mkono tu. Yeye aligonga haraka na kukata maneno, mimi nilikwenda taratibu, na kazi zikipungua alinitania kwa waya kwamba nimelala juu ya mtambo.

Miongoni mwa wavunja mawe alikuwapo mtu mmoja wa Busi, kule Kondoa. Kazi yake ilikuwa kushika mtaimbo huku mwenzake akiupiga kwa nyundo, kazi inayotaka mtu asiye na woga na mwenye mwenzi asiye na chuki. Wakati wa mapumziko alikuja kibandani kwangu, na kila alipoingia aliusalimu mtambo kwanza, kisha mimi. Nilimwambia mle ndani hamna mtu. Akanijibu kwamba hata kama hamna, kuna anayesikiliza mbele huko, na mtu anayesikiliza husalimiwa. Alizungumza sana habari za mama yake na mdogo wake. Mdogo ni mvivu, alisema, ndiyo kwanza ameanza kufyeka shamba lake mwenyewe, lakini mama hana mwingine. Siku nyingi nilimwacha aongee huku nikijidai nina kazi. Namkumbuka kwa hilo na ninajuta.

Alikufa mchana, jua likiwa utosini. Haikuwa baruti. Lilikuwa jiwe lililolegezwa na baruti ya jana yake, ambalo mnyapara alisema liangushwe kwanza na msimamizi akasema hakuna muda. Watu walipolisukuma pembeni alikuwa amekwisha kukata roho. Tulimzika kabla ya magharibi, chini ya mwamba, na msimamizi alikuja akasimama kwa mbali, kofia mkononi. Nasema alikuja, alisimama, aliliona kaburi. Halafu akaniambia niipeleke habari bomani Dodoma kwa simu, akaenda zake bila kuniambia niandike nini.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo sitamtwika mwingine. Nyumbani kwetu kifo hakitumwi kwa jina lake. Baba yangu alipofia safarini, barua iliyotufikia ilisema hawezi sana, tuje. Mama alianza kulia kabla msomaji hajafika mwisho, kwa kuwa kila mtu aliielewa barua ya namna ile. Ndivyo tulivyolelewa: ugonjwa hutangulia kwenye karatasi ili moyo upate pa kushika, na kifo husemwa na mtu, ana kwa ana, baada ya waliofika kupewa maji. Basi nikakaa mbele ya mtambo nikiwa bado na udongo wa kaburi kwenye kucha, nikagonga kwamba mtu wa Busi, mwenye kipande cha kazi namba fulani, hawezi sana, ndugu zake wajulishwe waje. Mwenzangu wa Dodoma akayarudia maneno yote kama ilivyo kanuni, na safari hii hakunitania. Yeye alielewa. Lakini nakala iliyokwenda bomani ilisomwa na Mdachi wa huko, na Mdachi alisoma kilichoandikwa: akaandika mgonjwa, na ndugu hakuna aliyewajulisha.

Wiki ya tatu ikaja orodha kutoka bomani, watu wote wa kambi na hali zao. Askari wawili walisimama uwanjani kwetu kuita namba moja baada ya nyingine. Walipofika kwa mtu wa Busi palikuwa kimya. Karatasi ilisema mgonjwa. Walimwuliza msimamizi mgonjwa huyo yuko wapi, naye akatazama mwamba, akatazama karatasi, akasema hayupo. Hakusema neno jingine. Kule bomani mtu mgonjwa asiyekuwapo kambini alikuwa na jina moja tu, nalo ni mtoro.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha kifo kwa maradhi, na aliyeumbuka akawa maiti. Tena si yeye peke yake. Mtoro alifidiwa na kwao: jumbe wa kijiji alitakiwa kumtoa ndugu yake wa karibu aje kuchukua nafasi. Mfu hakuwa na fidia ya kwao. Mfu alimfanya msimamizi aitwe bomani aeleze amekufaje, na jiwe lile lilikuwa limelegezwa na nani, na mnyapara alisema nini. Kwa hiyo ukimya wa msimamizi ulimpa vitu viwili kwa pamoja, alipata mtu wa mtaimbo na alikwepa maswali. Na maneno ya kumpa hayo nilikuwa nimeyagonga mimi kwa vidole vyangu.

Siku nne baadaye mwenzangu wa Dodoma alinigongea kwa uangalifu, tofauti na kawaida yake, kwamba ameiona barua ya kwenda kwa jumbe wa Busi ikipigwa mhuri. Ilimtaka mdogo wa yule mtoro. Askari angeondoka nayo kesho kutwa, apitie Kondoa kwa shughuli nyingine kwanza. Niliusoma ule utepe mara mbili. Nilimwona akilini yule mdogo mvivu, ambaye sikuwahi kumwona, ameshika mtaimbo chini ya mwamba ule ule.

Nikamwendea msimamizi mezani kwake. Nilimweleza kosa langu lote, mila na barua ya baba na yote, nikamwomba ruhusa ya kulisahihisha kwa simu. Alinisikiliza huku akichonga penseli.

"Orodha inasema mgonjwa," akasema. "Kambini hayupo. Basi ametoroka."

"Bwana, kaburi lake uliliona."

"Mimi nahitaji mtu wa mtaimbo. Waya ni wa kazi, hauchezewi kwa habari za ndugu za watu. Ukitaka, mdogo wake akifika hapa utamwambia mwenyewe kwa mdomo."

Nikatoka nikiwa nimekasirika hadi masikio yananivuma. Huyu ndiye aliyetaka hata ng'ombe waandikiwe barua, na leo alikuwa ameugundua mdomo. Ameugundua kwa sababu mdomo hauachi alama. Nilikaa kibandani nikapima njia zangu, na nilizipima kwa dhati kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Tarishi hakufaa, maana mkoba wake ulifungwa na msimamizi kwa mkono wake. Mdomo wangu mwenyewe ungeweza kutembea mpaka Busi, lakini ungefika pale kushindana na karatasi yenye mhuri, na katika siku zile mdomo wa mtu mweusi mbele ya mhuri ulikuwa upepo. Ukabaki waya. Kwa miaka nilikuwa nikiunung'unikia kwamba hauna adabu, unasema bila kusalimu, unatupa neno bila kungoja mtu akae. Sasa nilihitaji kitu hasa kisicho na adabu. Nilihitaji neno ambalo likishafika linaandikwa kwenye daftari la stesheni, na nakala inakwenda bomani, na hakuna mtu wa kulirudisha.

Nilingoja saa sita, msimamizi alipokwenda kula. Nikamwita mwenzangu. Nikagonga kwamba mtu wa Busi hakutoroka, amekufa, ameangukiwa na jiwe kazini, amezikwa kambini, kaburi lipo, na kosa la kuandika mgonjwa ni la karani. Nilipolifikia neno amekufa vidole vilikataa. Nililigonga polepole, herufi kwa herufi, kama mwanafunzi.

Mwenzangu akauliza kile alicholazimika kuuliza kwa kila ujumbe: kwa amri ya nani?

Nikagonga jina langu. Akauliza tena, ili anipe nafasi ya kujiokoa, nami nikaligonga tena. Basi akaanza kunirudishia maneno yote kama kanuni inavyotaka, na mtambo ulikuwa ungali ukitatarika, utepe unatoka, msimamizi alipoingia akiwa na leso shingoni. Aliuvuta utepe akausoma.

"Futa," akasema.

"Haufutiki, bwana. Uko Dodoma."

Angeweza kuniamuru nigonge kwamba ujumbe ule ni batili, lakini basi daftarini yangekaa maneno mawili yanayopingana, moja chini ya jingine, na mtu yeyote mwenye akili angekuja Nzuguni kutazama kama kaburi lipo au halipo. Nilimwona anavyolifikiria hilo, na sikujisumbua kuficha kwamba ninamwona. Pengine hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Wahenga walisema mjumbe hauawi, ila hawakusema hachapwi. Nilipigwa viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, uwanjani mbele ya watu wote, nikanyang'anywa kipande changu, nikafukuzwa kambini jua lingali kali. Sikupiga ukelele. Si kwa ushujaa. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba sauti haikupata nafasi.

Wavunja mawe walinipaka mafuta ya kondoo mgongoni na kunifungia mtama wa njiani. Nilijipumzisha siku mbili kwa watu wangu mjini, kisha nikashika njia ya Msalato kuelekea kaskazini. Mke wangu aliniuliza naenda kutafuta nini, maana waya umekwisha kusema. Nikamwambia waya umesema na boma. Na mama wa watu haambiwi na boma.

Nilitembea siku sita, kwa mgongo ule. Nilipofika Busi sikwenda kwa mama moja kwa moja. Nilikwenda kwa jumbe, nikajieleza, na yeye akawaita wazee wawili na shangazi wa marehemu. Wao ndio walionichukua. Tulifika, tukaketi, tukapewa maji, tukaulizwa habari za njia. Yule mdogo alikuwapo, kijana mrefu mwenye shoka begani, akitoka shambani, mvivu kweli kwa mwendo wake. Shangazi akamshika mama mkono, ndipo mzee mmoja akamwambia. Mimi nilitakiwa kusema mwisho tu, alikufaje na amelazwa wapi, nami nikasema. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama aliteseka, nikamwambia hapana, na hilo lilikuwa kweli. Halafu akaniacha, akaingia ndani na wanawake wenzake, na tukamsikia akilia hadi jioni. Ilichukua mchana mzima kulitua neno moja. Sikuona dakika iliyopotea.

Kesho yake askari alifika na barua. Kijana akasimama nyuma ya mlango wa mama yake, shoka mkononi, nami nikamwomba Mungu asifanye upuuzi. Lakini askari alisema kwa sauti ya kuchoka kwamba hakuja kumchukua mtu. Alipokuwa akiondoka Dodoma bwana mkubwa wa boma alimwita mlangoni, akamwambia imekuja simu, yule mtu ni mfu, kijana aachwe. Barua ilikuwa imekwisha kuandikwa, basi aje nayo tu, amwambie jumbe haina kazi tena.

Watu wakashusha pumzi. Jumbe akainyoosha mikono yote miwili aipokee ile barua, aiweke na karatasi zake nyingine. Mimi nikasema hapana.

Walinigeukia wote. Nikamwambia jumbe kwamba bwana wa boma amesema aliyosema kwa mdomo, na mwakani bwana huyo atahamishwa. Atakuja mwingine, ataomba karatasi, ataikuta hii yenye mhuri ikisema mtu wa Busi ametoroka na mdogo wake anadaiwa. Atamwuliza nani yale ya mlangoni? Nikamtaka askari airudishe na ijibiwe kwa maandishi. Askari akakasirika. Alisema yeye hakutumwa kurudisha kitu, tena anajua mimi ni nani, habari zangu zimefika Dodoma, na kama mgongo wangu umepona upesi anaweza kuusaidia. Jumbe naye aliniomba ninyamaze, neema imekwisha kupatikana, tusiitafute shari. Nilimwelewa. Hata hivyo sikunyamaza, na tulikuwa tumeanza kupandishiana sauti mama alipotoka ndani.

Alikuwa amejifunga nguo kiunoni na macho yamevimba. Alikwenda hadi kwa askari, akanyoosha mkono, na sijui kwa nini yule askari alimpa barua. Akaigeuza geuza. Hakujua kusoma, alinitafuta mimi kwa macho.

"Hii ndiyo inayosema mwanangu alikimbia kazi?"

Nikasema ndiyo, mama, ndiyo hiyo.

"Mimi sikuzaa mtoro. Andika hapa kwamba amekufa."

Askari alisema karatasi ya serikali haiandikwi ovyo. Mama hakumtazama. Jumbe alifikicha uso wake, kisha akaenda nyumbani kwake akarudi na wino na kalamu yake mwenyewe, akasema kama ni kosa basi litakuwa la jumbe, barua imeandikiwa yeye na yeye ana haki ya kuijibu. Nikapiga magoti, nikaiweka barua juu ya jiwe la kusagia, na chini ya mhuri nikaandika kwamba mtu huyu hakutoroka, amekufa kazini. Jumbe akatia alama yake. Askari, ambaye sasa alikuwa na jibu la jumbe la kubeba, akaikunja akaitia mkobani, na akaondoka nayo kuirudisha Dodoma.

Mama alisimama akimwangalia hadi alipopotea kwenye mtama. Kisha akaniuliza neno lile nililoliandika lilikuwa lipi hasa, akataka alione. Barua ilikuwa imekwenda, basi nikamchorea ardhini kwa kidole, amekufa, na yeye akainama akalisoma kwa macho yake yasiyojua kusoma, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akamwita mwanawe aliyebaki aje alitazame. Kijana akaja, akasimama karibu yake, na kwa mara ya kwanza tangu askari afike akaliweka shoka chini.